Kasimiri na Tuta la Nyuma ya Bafu

Ukishuka stesheni ya Goweko na kufuata njia ya bondeni, shamba la Kasimiri huna haja ya kuliulizia, pua itakufikisha. Kabla hujaona nyanya hata moja utakutana na harufu kali, kama kitunguu saumu kilichooza ndani ya mafuta ya taa, na hapo ujue mwenyewe yuko kazini.

Kasimiri alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mrefu, mkavu, mgongo umepinda kidogo upande wa kulia. Wazee wa ukoo wake walikuwa wabeba mizigo wa misafara, watu waliotoka Unyanyembe na pembe mabegani hadi pwani, wakarudi na vitambaa na shanga. Mzigo wake yeye ulikuwa bomba la kupulizia dawa, lita kumi na sita, na safari yake ilianzia kisimani hadi tuta la mwisho, ikarudi, ikaenda tena. Alipenda kusema kwamba ukizijumlisha hatua zake za miaka ishirini, naye ameshafika Bagamoyo mara kadhaa, tena bila kulipwa shanga.

Watu walimwita Mpishi, na jina hilo halikutokana na ugali. Kila Alhamisi alikaa kwenye kigoda pembeni ya kisima, akaweka ndoo ya bluu katikati ya miguu, akaanza kumimina. Kwanza dawa ya wadudu. Kisha dawa ya ukungu. Kisha ile iliyobaki msimu wa tumbaku, ambayo chupa yake ilikuwa imepoteza karatasi siku nyingi. Akiwa na hasira aliongeza ya nne. Alikoroga kwa mwiko ambao mkewe Recheli aliutafuta jikoni miezi miwili, na alipouona ndani ya ndoo ile akasema tu, "Basi ubaki nao, mimi siutaki tena hata uchemshwe mwaka mzima."

"Mdudu akiiponea ya kwanza," Kasimiri aliwaeleza majirani waliokuja kuomba siri, "ya pili inamdaka mlangoni. Ya tatu inamzika."

Adui yake mkubwa alikuwa kanitangaze, kiwavi mdogo anayetoboa majani na kuingia ndani ya nyanya kama mpangaji asiye na mkataba. Walimpa jina hilo kwa sababu akiingia shambani kwako leo, kesho kijiji kizima kina habari. Kwa Kasimiri hakuwa na nafasi ya kujitangaza. Alhamisi shamba lilipuliziwa, Ijumaa nyanya zilichumwa, zikapangwa kwenye matenga, na jioni gari likazipeleka Tabora mjini zikiwa nyekundu, ngumu, zinang'aa kama zimepigwa rangi ya gari.

Nyumbani kwake hazikuliwa.

Nyuma ya bafu la mabati kulikuwa na tuta moja, si zaidi ya hatua kumi, lililonyweshwa maji ya kuogea na kunyunyiziwa majivu ya jikoni. Nyanya zake zilikuwa zimepinda, nyingine zimepasuka, nyingine zina madoa kama uso wa kijana aliyebalehe juzi. Hizo ndizo alizopika Recheli. Za shambani, Kasimiri alisema, ni za biashara. Neno hilo, biashara, lilifunga mjadala. Hakuna aliyeuliza zaidi, na Kasimiri mwenyewe, kusema kweli, hakuwahi kujiuliza.

Mwili wake ulimwuliza, ila kwa lugha ambayo hakuijua. Jioni ya Alhamisi kichwa kilimgonga, mate yakamjaa mdomoni, macho yakamtoka machozi. Alikunywa maziwa nusu lita, kama wote walivyofanya, akalala. Kibaya zaidi kilikuwa jicho la kushoto. Kope yake ilicheza. Ilianza kidogo kidogo, na Kasimiri akafurahi akidhani atapata wageni. Recheli alipika kwa ajili ya wageni hao wiki mbili, hawakuja, akaacha.

Halafu jicho likaanza kucheza kanisani. Kasimiri aliimba besi kwenye kwaya ya kigango, safu ya nyuma, mkabala na safu ya akina mama. Jumapili moja, katikati ya wimbo wa matoleo, jicho likampiga Apolinaria ukonyezo. Apolinaria, mjane mwenye heshima zake, akadhani amekosea kuona. Ubeti wa pili likamkonyeza tena. Ubeti wa tatu, mara tatu mfululizo. Misa ilipoisha akamfuata Recheli nje, akamshika mkono.

"Mama Asnath, mimi sitaki maneno. Lakini mzee wako ananikonyeza, tena wakati wa sadaka!"

Recheli alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Alikuwa Mmoravian kabla ya kuolewa, na mambo ya Wakatoliki bado yalimfurahisha kuliko ilivyostahili. "Dada yangu," akasema akipangusa macho, "lile jicho lingejua kukonyeza, lingenikonyeza mimi kwanza. Lina ugonjwa lile."

Kasimiri akahamishiwa upande wa pili wa kwaya, akawa anamkonyeza mpiga kinanda. Mambo yakaendelea hivyo hadi mwezi wa saba, ilipoletwa posa.

Asnath, binti yao mkubwa, alikuwa fundi cherehani Tabora mjini, ana miaka ishirini na saba na mdomo usiojua kusubiri. Alipendana na Renatus, mwalimu kutoka Nzega, na ndugu wa Renatus wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi. Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, Lugembe, mkulima wa vitunguu, mtu mwenye tumbo lililotangulia na sauti iliyofuata kwa mbali kidogo. Sifa zake zilifika Goweko kabla yake: anapenda kula, anapenda kuuliza, na hasahau.

Kasimiri alitaka shamba limpokee mgeni kwa heshima. Kwa hiyo Ijumaa jioni, ingawa alikuwa amepulizia jana yake, alikoroga tena ndoo, zote nne, akapulizia upya. Asubuhi shamba lilikuwa linameremeta.

Lugembe alifika saa nne na wenzake wawili, mmoja amevaa shati jeupe la sherehe. "Mwangaluka!" alinguruma tangu barabarani, na salamu zikapokewa kwa Kinyamwezi na Kisukuma na Kiswahili, kila mmoja akijibu kwa ile iliyomjia kwanza. Viti vikatolewa. Wali haukuwa umeiva. Lugembe akapapasa tumbo, akasema ananyoosha miguu kidogo, na Kasimiri hakuweza kujizuia.

"Basi ukalione shamba langu, mkwe."

Wakateremka bondeni. Lugembe akasimama katikati ya matuta, mikono kiunoni, akazungusha kichwa polepole.

"Aisee. Aisee, Kasimiri! Hizi ni nyanya au taa za barabarani?"

Kasimiri akaangalia chini kwa unyenyekevu wa uongo. Alipoinua macho, Lugembe alikuwa ameshachuma moja, kubwa kama ngumi, ameipangusa kwenye koti, amefungua mdomo.

Kasimiri hakukumbuka baadaye aliamuaje. Aliruka. Mtu wa miaka hamsini na mitatu, mgongo umepinda, aliruka kama golikipa na kuupiga mkono wa mkwe wake. Nyanya ikaruka juu, ikazunguka, ikashuka kifuani kwa yule bwana wa shati jeupe, ikapasuka.

Yule bwana akaanza kuokota mbegu kifuani, moja moja.

"Siyo hiyo, mkwe," Kasimiri akasema, anahema.

"Siyo ipi?" Lugembe aliutazama mkono wake mtupu. "Ina nini?"

"Hiyo... hiyo ni ya biashara."

"Kwani ya biashara hailiwi?"

"Inaliwa."

"Na nani?"

Kasimiri akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara. "Na watu wa mjini," akasema.

Hapo ndipo walipomwona Asnath. Alikuwa ametumwa kuwaita chakula, amejitanda khanga mpya kichwani kama inavyompasa mchumba mbele ya wakwe, na alitakiwa asiseme kitu isipokuwa shikamoo.

"Baba," akasema, "mtu wa mjini ni mimi."

Kasimiri akamtazama.

"Miaka minne naishi Tabora. Unafikiri nyanya nanunua wapi? Sokoni kwa Najiat. Tena nachagua kabisa. Namwambia, dada Najiat, nipe zile za Goweko, zile zinazong'aa, ni za baba yangu. Wateja wengine nawashauri mimi mwenyewe." Sauti yake ilianza kwa utani lakini haikumaliza hivyo. "Nakula kachumbari yako kila siku ninayoishiwa mboga. Na mimi naishiwa mboga mara nyingi, baba."

Kasimiri alihisi kana kwamba bomba limemrudi mgongoni, limejaa hadi juu. Miaka yote hiyo alikuwa amejijengea ukuta kichwani: upande huu familia, upande ule biashara. Binti yake alikuwa amehamia upande ule akiwa na cherehani moja na godoro, na baba mtu hakuona. Alitaka kusema pole, lakini wageni walikuwepo, na badala yake akasema, "Chakula kimeiva?"

"Kimeiva," Asnath akajibu, akageuka.

Chakula chenyewe kikawa mtihani. Lugembe aliinua kila kijiko, akakichunguza. "Mama, nyanya hii ya mchuzi ni ya biashara?"

"Hapana mkwe, hiyo kula bila wasiwasi," Recheli akasema. "Hiyo ya bafuni."

Kijiko kikashuka. Ilibidi Recheli aeleze habari ya tuta, na majivu, na maji ya kuogea, na kila alivyoeleza ndivyo yule bwana wa shati, ambalo sasa lilikuwa na ramani nyekundu, alivyozidi kusogeza sahani mbali. Lugembe yeye alisikiliza mpaka mwisho, akatafakari, akala sahani mbili.

Kisha akanawa, akajifuta, akatoa neno la ukoo.

"Binti tumempenda. Anasema ukweli mbele ya watu, na kwetu tunahitaji mtu wa hivyo, maana sote ni waongo. Posa imepokelewa, nanyi mmetupokea vizuri. Lakini siku ya kupanga harusi nitaitaja mimi. Itakuwa siku ile Kasimiri atakapochuma nyanya katikati ya lile shamba, si huku bafuni, akaikata mbele yangu. Nusu atakula yeye. Nusu nitakula mimi."

"Kwa hiyo ndoa yangu inasubiri nyanya?" Asnath aliuliza kutoka jikoni, bila kujali aliyesikia.

"Nyingine zinasubiri mambo ya kipuuzi zaidi," mama yake akamjibu. "Osha vyombo."

Jumatatu asubuhi Kasimiri alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: alikwenda mwenyewe kwa bibi shamba. Agnetha, afisa ugani wa kata, alikuwa msichana wa pikipiki na mabuti ya mvua. Kwa miaka mitatu alikuwa akimtembelea Kasimiri na kwa miaka mitatu Kasimiri alikuwa akijificha bafuni mpaka mlio wa pikipiki upotee.

"Mzee Kasimiri! Shikamoo. Leo umetoka kuoga?"

"Marahaba," Kasimiri akasema, kisha akaona aibu na kucheka kwa pamoja.

Agnetha alikuja nyumbani, akazipanga chupa zote kwenye benchi, akamwambia azisome. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Kasimiri akaazima miwani ya Recheli ya kusomea tenzi, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Sasa soma jina la kiini cha hii ya kwanza. Sasa na hii ya tatu, ile tuliyopata karatasi yake dukani."

Kasimiri akasoma. Akarudia. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena. "Ni jina moja."

"Ni dawa moja, chupa mbili, majina mawili ya dukani. Miaka yote umekuwa ukichanganya ugali na ugali, unadhani umepata pilau."

"Na hii inasema..." Kasimiri alisogeza chupa karibu na pua. "Usivune kabla ya siku kumi na nne."

"Wewe unasubiri ngapi?"

"Usiku mmoja," akasema, polepole sana.

Agnetha hakumpigia kelele. Alikaa kwenye kigoda chake, kile cha kisimani. "Mzee, sitakudanganya kwamba mtu akila nyanya moja yako ataanguka. Angekuwa anaanguka, ungekuwa umeshajua. Shida ni kwamba mtu hali nyanya moja. Chukua sahani ya mtu wa Tabora leo. Ina nyanya zako zenye dawa zako. Ina mchicha wa mwingine wenye dawa yake. Ina kabichi, ina bilinganya. Kila mkulima anasema, changu ni kidogo tu. Lakini zinakutana wapi? Tumboni. Lile tumbo ndilo linakuwa ndoo yako ya bluu, na hakuna aliyesoma karatasi ya mchanganyiko huo, hata wataalamu wenyewe bado wanautafuta. Wanachoogopa ni mambo ya polepole: neva, homoni, hata saratani kwa anayekula miaka mingi. Na zaidi mtoto mdogo, na mtoto aliye tumboni, kwa sababu wao mwili ndio unajengwa."

"Wakiziosha?"

"Waoshe, inapunguza. Nyingine inaingia ndani ya nyama ya tunda, haitoki kwa kuoshwa." Kisha akamtazama vizuri. "Na hilo jicho limeanza lini?"

Kasimiri akaanza kueleza habari ya wageni, lakini Agnetha alikuwa ameshachukua karatasi na kumwandikia aende hospitali ya mkoa, Kitete, awaambie majina ya dawa anazotumia. Kasimiri, ambaye hakuamini kwamba atayakumbuka majina, aliona rahisi kubeba chupa zenyewe kwenye mfuko. Pale kwenye benchi la kusubiria alikaa katikati ya watu kumi na wawili. Baada ya dakika tano alikuwa amebaki peke yake, na mfuko, na feni.

Daktari alimfukuza kwanza akapeleke mfuko nje, mbali, kwenye kivuli, kisha akamsikiliza, akamtoa damu. Majibu yalipotoka alimweleza kwa maneno mepesi: sumu zile huvuruga namna neva zinavyoongea na misuli. Msuli unaambiwa kaza, lakini hauambiwi acha. Ndiyo maana jicho linacheza. Akiacha kuoga dawa, akavaa glovu na barakoa na nguo ndefu, damu itajirekebisha yenyewe kwa wiki kadhaa.

"Na maziwa, daktari?"

"Yaweke kwenye chai."

Miezi iliyofuata ilikuwa ya fedheha. Kasimiri alipanda upya, matuta machache. Agnetha alimpa utaratibu: majani yenye viwavi yang'olewe kwa mkono na kuzikwa, magugu yaondolewe, na ikilazimika, dawa moja tu, kwa kipimo cha kwenye karatasi, mapema kabla nyanya hazijaiva. Halafu asubiri. Alining'iniza kalenda ya parokia jikoni, akawa anafuta siku kwa mkaa. Alhamisi ilipofika mikono ilimwasha. Alizunguka kisima kama mtu aliyeacha sigara.

Kilichomfurahisha kilikuwa kimoja, mitego. Agnetha alileta mabeseni ya maji yenye sabuni kidogo, na juu ya kila beseni akaning'iniza kitu kidogo kama kifutio cha shule, chenye harufu ya jike la kanitangaze. Madume, nondo wadogo ambao kiwavi huyo hugeuka akikomaa, waliisikia harufu hiyo, wakaja mbio, wakazama. Kila asubuhi Kasimiri alikwenda kuwahesabu.

"Wamekuja kuoa," alimwambia Recheli. "Mia moja na arobaini. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa habari za nyanya."

Hata hivyo kanitangaze alijitangaza. Tuta zima la chini alilila, na Kasimiri akasimama pale asubuhi moja ameshika mche uliokauka, na Recheli akamwona anaangalia upande wa stoo zilikokuwa chupa. Alikwenda kusimama karibu naye tu, na beseni la majani mikononi, akaanza kung'oa yaliyooza. Baada ya muda Kasimiri naye akainama. Asnath alikuja siku za mapumziko, akafunga khanga kiunoni, akang'oa pamoja nao. Siku ya pili ya kazi hiyo, wakiwa wameinamia tuta moja, Kasimiri ndipo alipoweza.

"Mwanangu, zile nyanya."

"Nimeshasikia, baba."

"Sijasema bado."

"Basi sema."

"Nilikuwa nakutengea za bafuni ukija likizo," akasema. "Nilidhani hiyo inatosha. Nisamehe."

Asnath akatupa jani ndani ya ndoo. "Nimekusamehe. Lakini wateja wa Najiat mimi siwezi kuwasemea."

Lugembe alirudi mwezi wa kumi na moja, na safari hii bwana wa shati alivaa shati la kahawia. Hakutaka hata kukaa. Wakateremka bondeni moja kwa moja, Recheli na Asnath na Agnetha nyuma yao, na majirani kadhaa waliojifanya wanapita. Nyanya hazikumeremeta. Zilikuwa na ukubwa wa wastani, baadhi zina makovu, na harufu pale ilikuwa ya majani ya nyanya tu, ile chungu kidogo inayobaki vidoleni.

"Imepuliziwa lini?" Lugembe akauliza.

"Siku ishirini na tatu zilizopita. Dawa moja."

"Chuma."

Kasimiri akachuma moja katikati kabisa ya shamba, akaiosha kisimani, akaikata kwa kisu. Miaka ishirini ya kulima nyanya, na hakuwahi kuonja ya shamba lake mwenyewe. Akaiweka mdomoni. Ilikuwa tamu, yenye ukali kidogo, ya kawaida kabisa. Alitafuna akiwa amefumba macho na alipoyafumbua Lugembe alikuwa ameshamaliza nusu yake na anauliza kama kuna chumvi.

"Harusi baada ya Pasaka," akatangaza, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka.

Kwenye chakula Lugembe alikuwa na furaha kubwa. Alikuwa ameleta gunia la vitunguu vyake vya Nzega kama zawadi, vyekundu, vikubwa, na Recheli alikuwa ameshavikata vingine kwenye kachumbari. Akamsogezea bakuli.

"Karibu mkwe. Na hivi vitunguu, nyumbani unavila?"

Lugembe alikuwa ameshachota. Kijiko kikasimama nusu ya njia. Akakohoa. Akamtazama Kasimiri, akamtazama Asnath, akaitazama dari.

"Kuna vya nyuma ya zizi," akasema hatimaye, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, ndogo. "Hivi ni... vya sokoni."

Asnath alianza kucheka kwanza. Recheli akaliondoa bakuli taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, na Agnetha, aliyekuwa anakula pembeni, akatoa kalamu na kuuliza ni kata gani huko Nzega.

Kasimiri sasa anauza matenga machache kuliko zamani. Si malaika, msimu wa mvua ukungu ukimzidi hupulizia, lakini chupa moja, na miwani usoni. Jicho limetulia, na kwenye kwaya amerudishwa mkabala na Apolinaria, ambaye Recheli anadai amekata tamaa kidogo. Kila tenga linaloenda mjini Kasimiri hulifungia kipande cha boksi, amekiandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kupulizia na tarehe ya kuchuma, zikifuatana.

Wiki ya kwanza Najiat alimpigia simu kutoka sokoni, nyuma yake kelele za wateja.

"Mzee Kasimiri, shikamoo. Hii namba uliyoandika kwenye boksi haipatikani."

"Marahaba. Namba gani?"

"Hii ndefu. Wateja wawili wamejaribu kupiga."

Kasimiri akamweleza, taratibu, habari za siku na dawa. Akamsikia Najiat akiiondoa simu sikioni na kupaza sauti kwa watu wa meza yake: "Siyo simu, ni tarehe! Zimesubiri siku kumi na tisa!" Sauti ya mwanamke mmoja ikauliza zile za meza ya jirani zimesubiri ngapi. Jirani, kwa mbali, akasema aulizwe aliyezilima.

"Mzee," Najiat akarudi kwenye simu, "Ijumaa niletee matenga mawili zaidi. Na uandike kwa herufi kubwa."

"Ijumaa hazijatimiza siku zake," Kasimiri akasema. "Nitaleta Jumanne."

Najiat akalalamika, akabembeleza, akataja wateja wake kwa majina. Kasimiri alisikiliza huku akiitazama kalenda ukutani, akarudia kusema Jumanne.